Kiswaswadu cha mama, tachi yako, na ile siku mtandao ulipokata

Swali: "Shikamoo fundi. Mi naishi Tabata, mama yangu yupo Chanika. Mwaka 2024 mwezi wa tano ule mtandao ulipokata siku kadhaa nilikuwa na simu ya maana kabisa na bando limejaa ila nikashindwa kila kitu, WhatsApp haiendi, aplikesheni ya benki haifunguki, alafu umeme nao ukaisha ndani. Nikampigia mama, yeye na kiswaswadu chake akaninunulia luku akanitumia namba kwa meseji, nikaingiza, ukawaka. Imewezekanaje? Nauliza kwa sababu nimepanga kumnunulia tachi na kile kiswaswadu tukitupe, ndugu zangu wengine wanasema nimuache alivyo. Na mi naona viswaswadu vyenyewe si vitazimwa tu siku moja?"

Marahaba mdogo wangu. La kutupa au kutotupa nakujibu kabisa hapa mwanzoni ili usisubiri: mnunulie mama tachi, anastahili, ila kiswaswadu kibaki na ile laini yake yenye hela ibaki humo humo. Sababu zake ndo ndefu, na naomba unisome taratibu maana kwenye swali lako umegusa kitu ambacho mi nakihangaikia tangu 2001 nilipoanza kupanda minara ya simu mpaka leo nafundisha vijana kazi hiyo hiyo, na watu wengi wenye simu za bei mbaya bado hawakijui.

Tuanze na siku yenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ni moja ya nchi zilizoumia sana. Mkongo wenyewe ukiuona huwezi kuamini, kule kwenye kina kirefu unene wake ni kama mpira wa kumwagilia bustani, ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kwenye hizo nyuzi ndo unapita mwanga unaobeba kila kitu tunachokiita intaneti. Ukikatika hapo haendi fundi na ngazi. Inatafutwa meli maalumu, inafika pale, inauvua ule mkongo kutoka chini kama mtu anavyovua samaki, wanaunga uzi mmoja mmoja, wanaurudisha. Ndo maana zinahesabiwa siku na sio masaa. Njia nyingine chache zilizokuwa nzima zikabebeshwa mzigo wote, kukawa na msongamano kama wa mwendokasi ya Kimara saa kumi na moja jioni, kila mtu anataka kuingia na mlango ni ule ule.

Sasa angalia kitu kimoja, kilichokatika ni barabara ya kwenda nje. Mnara wa pale Tabata haukukatika. Mnara ulikuwa unaiona simu yako vizuri tu, na mnara unaongea na mitambo ya kampuni yako iliyopo humu humu nchini, nayo ilikuwa nzima. Ila WhatsApp ukimwandikia mtu wa Chanika ule ujumbe hauendi Chanika kwa njia ya Gongo la Mboto, unatoka nchini unaenda mpaka kwenye seva zilizoko nje alafu unarudi. Tabata mpaka Chanika unapitia baharini! Na aplikesheni nyingi hata za kampuni za hapa hapa zimeazima vipande vipande kutoka nje, picha inatoka huku, uhakiki unafanyika kule, kipande kimoja kikichelewa kioo kinabaki kinazunguka tu.

Mama yeye alifanya nini. Alibonyeza nyota 150 nyota 00 reli, au ya mtandao wake yoyote ile, menyu ikaja, akachagua namba, akaweka namba ya mita, akaweka hela, akaweka namba ya siri. Hiyo menyu inaitwa USSD na haigusi intaneti kabisa. Ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na mitambo ya kampuni, simu inauliza mtambo unajibu, hakuna kinachohifadhiwa, ukichelewa kujibu inakata. Na inapita kwenye njia ndogo ambayo nataka uijue kwa sababu ndo moyo wa jibu langu lote.

Simu yako ikiwa mezani imetulia hupigi wala hupigiwi, bado inaongea na mnara. Kuna njia nyembamba sana ya kazi za ndani, pale simu inasema nipo hapa, mnara unasema kuna mtu anakutafuta, vitu kama hivo. Haikutengenezwa kwa ajili ya watu, ni ya mitambo kuambizana. Wahandisi wa GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi wa enzi zile, kule Ulaya miaka ya themanini wakaona njia hii muda mwingi iko wazi, wakasema kwa nini tusipitishe maneno machache humo. Nafasi iliyokuwepo ni baiti 140 (baiti moja ni biti 8, na biti ni ile sifuri au moja ya kompyuta), na herufi moja wakaibana ikae kwenye biti 7 badala ya 8, ukipiga hesabu unapata herufi 160. Ndo SMS hiyo. Ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992 Uingereza, kijana mmoja mhandisi anaitwa Neil Papworth aliandika salamu za Krismasi kwenye kompyuta akamtumia mtu wa Vodafone. Kiswahili kina bahati hapa, herufi zetu zote zinaingia kwenye zile biti 7 bila shida, wenzetu wanaoandika kwa herufi za Kiarabu au za Kichina meseji moja inawaishia kwenye herufi 70. Na hata wewe ukiweka kale kauso kamoja tu ka kucheka kwenye meseji ya kawaida, meseji nzima inashuka mpaka 70, ndo maana unaona umeandika kidogo tu na simu inakwambia ni meseji mbili.

Kwa hiyo meseji na ile menyu ya nyota vyote vinapita kwenye kile kichochoro cha mitambo. Na ni kwenye kichochoro hicho hicho ndo hela zetu zilikuja kupita, M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa tatu 2007 ikaingia kwetu 2008, na mpaka leo mama anayeuza maandazi Buguruni mtaji wake wote unapita hapo.

Sasa nakwambia kitu huenda kikakuuma kidogo: simu yako haikufa siku ile. Ungebonyeza nyota 150 kwenye tachi yako hiyo hiyo menyu ingekuja kama ilivyokuja kwa mama, kwa sababu ndani ya kila tachi kuna kiswaswadu kizima kimekaa. Hata benki nyingi za hapa Bongo zina menyu yake ya nyota, ila ukishazoea aplikesheni unaisahau, miaka inapita, unasahau hata namba ya siri yake. Mama alikuwa na mazoea, wewe mazoea yalikuwa yameshakutoka. Tofauti yenu ilikuwa hapo tu, simu hazikuwa na neno.

Fanya jaribio leo. Angalia juu ya kioo chako pameandikwa 4G, alafu mpigie mtu simu ya kawaida, sio ya WhatsApp, endelea kuangalia pale pale. Kwenye simu nyingi ile 4G itageuka ghafla iwe 3G, au H, au E. Unajua kwa nini? 4G ilitengenezwa ibebe data tu, sauti wakaja kuiwekea utaratibu wake baadae, na pale ambapo utaratibu huo haujawashwa, iwe kwenye mtandao au kwenye simu yako, ukipiga inabidi simu ishuke chini ikaazime njia ya zamani, mkimaliza kuongea inarudi juu. Yaani simu ya laki nane ikitaka kusema haloo inaenda kubisha hodi kwa bibi yake. Mi kila nikiwaonyesha vijana darasani hili wanacheka alafu wananyamaza, maana walikuwa wanadhani kila kipya kikija cha zamani kinafukiwa.

Hakifukiwi. Kinabadilishwa kazi, au kipya kinapanda mgongoni mwake. Waya wa kwanza wa telegrafu kutoka ng'ambo ulifika Zanzibar 1879, umelazwa chini ya bahari kutokea Aden. Sasa fungua ramani ya mikongo ya leo uangalie, bado tunashuka na pwani ile ile chini ya bahari ile ile, kimebadilika kilichomo ndani tu, shaba ikawa kioo na mapigo ya umeme yakawa mwanga. Telegramu ilikuwa inalipiwa kwa neno, kwa hiyo wazee wetu walijifunza kubana, baba mgonjwa njoo haraka, basi, maneno manne na mtu anapanda treni. Miaka mia baadae zikaja zile herufi 160 na vijana wa elfu mbili na kitu wakabana tena kwa akili ile ile, kitu ikawa k2, watu ikawa w2, sijui ikawa cjui. Walimu walilalamika sana kipindi kile. Mi sikuwahi kulalamika, nilikuwa naona telegramu imerudi.

Na kubipu je. Sijui kama umekikuta kile kipindi vizuri, vocha zilikuwa ghali, mtu anaweka hela kidogo ili laini isifungwe na hapigi. Basi tukatengeneza lugha, ukinibipu mara moja umefika salama, mara mbili nipigie, mara tatu kuna tatizo. Ile bipu haikuwa inalipiwa kwa sababu simu haijapokelewa, mitambo imeshafanya kazi ya kumtafuta mtu mpaka kwenye mnara wake, imegonga kengele, na bili bado haijaanza. Watu wa kawaida kabisa, hawajasomea chochote, waligundua kwamba kwenye kile kichochoro cha mitambo unaweza kutuma ujumbe bure. Mpaka leo naliheshimu sana lile.

Redio nayo hivo hivo. Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951, na baadae enzi za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, kulikuwa na matangazo ya vifo, mtu amefariki Muhimbili, jina linasomwa, ndugu walioko Songea, Kigoma, Bukoba, wote wapokee habari hizi. Nyumba nzima inanyamaza. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo kipindi kile hakuna anayeruhusiwa kupitisha hata kijiko kwenye sufuria. Kazi hiyo simu ikaichukua, leo msiba unafika kwenye grupu la ukoo ndani ya dakika. Ila redio haikufa, ikahamia kwenye daladala, kwenye saluni, na kwenye kile kiswaswadu cha mama ambacho ukichomeka erfoni inasikika bila bando hata la shilingi kumi (ule waya wa erfoni ndo antena yake, ndo maana bila erfoni mara nyingi haishiki). Umeme ukikata na mvua imefunga njia za mtaani kwake, redio ni kitu ambacho mnara mmoja unawafikia watu laki tano kwa mpigo na hauelemewi hata wakisikiliza wote, kwa sababu inasema tu haisubiri kujibiwa. Mtandao wa simu ukiwabeba watu wote kwa wakati mmoja unasonga.

Simu za mkononi zenyewe zilianza hapa Dar 1994, Mobitel, ndo waliokuja kuitwa Tigo na sasa Yas. Mwanzoni zilikuwa za matajiri na maofisa. Sisi wengine intaneti tuliianzia kwenye kafe za mjini, unalipia nusu saa, dakika kumi zinaisha unasubiri barua pepe ifunguke, maana mawasiliano yalikuwa yanapanda kwenye setilaiti kilomita kama 36,000 juu kisha yanashuka upande wa pili. Mkongo wa Seacom ulipofika Dar 2009 na EASSy mwaka uliofuata ndo mambo yakafunguka. Tulifurahi sana na tulikuwa na haki ya kufurahi, ila polepole tukahamishia kila kitu kwenye mlango huo mmoja, na ule mwezi wa tano 2024 tukaona gharama yake.

Turudi kwenye luku yako, maana hapo kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza na mi siwezi kuliacha. Mama alishakutumia namba kwa meseji, sawa. Umeme uliingiaje? Zile mita za kubonyeza namba hazina laini, hazina mnara, hazijui kama kuna kitu kinaitwa intaneti. Mita imefungwa ukutani peke yake kama mfungwa. Inajuaje kwamba umelipa?

Zile tarakimu 20 ndo barua yenyewe. Ndani yake kuna kiasi cha uniti, kuna alama ya muda ambao namba hiyo ilitengenezwa, kuna hesabu ya kuhakiki kama umekosea tarakimu, na vyote vimefungwa kwa ufunguo ambao mita yako tu ndo inao, ndo maana namba ya jirani haiingii kwako. Alama ya muda kazi yake ni kuhakikisha huingizi namba moja mara mbili. Kwa hiyo barua ilitoka kwenye mitambo ya umeme, ikaja kwenye kiswaswadu cha mama Chanika, ikarushwa Tabata kwenye simu yako, alafu kipande cha mwisho, kutoka kwenye kioo cha simu mpaka kwenye mita, waya ulikuwa kidole chako. Ungekuwa huna simu kabisa mama angeweza kumsomea jirani yako kwa simu akaandika kwenye karatasi ukaingiza na ungewaka vile vile. Mi huo mfumo naupenda sana, ulizaliwa Afrika Kusini na umejengwa na watu waliojua kwamba njia haitakuwepo siku zote.

Na hata wao kuna mahali walibanwa. Alama ile ya muda inahesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na walitenga nafasi ya biti 24, maana yake dakika 16,777,216, ukigawa unapata karibu miaka 32, inaishia tarehe 24 Novemba 2024. Siku ile mama anakununulia umeme ilikuwa imebaki miezi sita tu mita za namna hiyo dunia nzima zigome kupokea namba mpya. Utakumbuka mwaka ule ukinunua umeme ukawa unaletewa tarakimu 20 mara tatu, uingize za kwanza, uingize za pili, ndo za tatu zenye uniti. Wengi walikasirika wakadhani wanasumbuliwa. Zile mbili za mwanzo zilikuwa zinaibadilishia mita yako ufunguo na kuianzishia hesabu upya, kwa mkono wako mwenyewe, nyumba kwa nyumba nchi nzima, bila fundi kupanda nguzo. Kila bibi aliyebonyeza zile tarakimu alikuwa fundi mitambo siku hiyo.

Sasa mama yako. Naelewa unachotaka, unataka awaone wajukuu kwa video, unataka ajue habari za grupu la ukoo asisubiri kusimuliwa. Ni sawa kabisa na nakuunga mkono, na kwa watu wazima WhatsApp ina kitu kizuri kuliko vyote nacho ni kurekodi sauti, mtu ambaye macho yamechoka au kuandika kunamsumbua anabonyeza anaongea, anaachia, imekwenda. Mfundishe hicho kwanza kabla ya kingine chochote, mengine atayadai mwenyewe.

Ila usimhamishe. Mwaka 2019 nilimfanyia baba yangu mzazi kile unachotaka kukifanya wewe, nikamnunulia tachi nzuri, nikachukua laini yake nikaiweka humo, kiswaswadu nikampa mtoto wa jirani. Wiki ya tatu mzee anatoka Morogoro, kafika Mbezi saa mbili usiku, chaji imeisha, hela yote ya nauli iko kwenye simu, namba zetu zote ziko kwenye simu, kichwani hakuna hata moja kwa sababu siku hizi hazikai kichwani. Alikaa pale stendi mpaka saa nne na nusu, mama lishe mmoja akamchajia simu yake kwenye banda. Kile kiswaswadu chake cha zamani kilikuwa kinakaa na chaji siku tano. Mzee hakunilaumu hata kidogo na ndo kilichoniuma zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Laini yake ya siku zote, yenye hela, yenye namba inayojulikana na ukoo mzima, inabaki kwenye kiswaswadu. Kwenye tachi msajilieni laini mpya ya kuwekea bando tu, na lazima aende mwenyewe maana ni alama za vidole na namba ya NIDA, usimsajilie kwa jina lako ukadhani unamsaidia, siku laini ikipotea utakuwa umemfunga. Alafu WhatsApp ifungueni kwa ile namba yake ya zamani, inawezekana kabisa, wakati wa kufungua inatuma namba za kuhakiki tarakimu sita kwa meseji, zitaingia kwenye kiswaswadu, mnazisoma mnaziandika kwenye tachi, mmemaliza. Ndugu wataendelea kumpata kwa namba ile ile na hela yake haijasogea mahali. Mwambie kwa msisitizo zile tarakimu sita asimtajie mtu yeyote maishani, hata akijitambulisha ni mtoto wake, hata akisema ni wa kampuni.

Tukiwa hapo hapo kwenye matapeli, ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" itamfikia kama inavyotufikia sisi sote, na mtu mwenye simu mpya na mkanganyiko wa siku za mwanzo ndo anayepigwa. Muonyeshe kwamba namba ya tapeli inatumwa 15040. Na siku moja moja abonyeze nyota 106 reli aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, akikuta asiyoijua mwende mkaifute.

Umeuliza pia kama viswaswadu vitazimwa. Swali la haki. Huko Marekani watu wa kampuni ya simu ya AT&T walizima 2G yao, ule mtandao wa zamani ambao viswaswadu vinautumia, mwisho wa 2016 na nchi nyingine zimefanya hivo, kwa sababu masafa ni kama kiwanja, hakiongezeki, ukitaka kujenga ghorofa inabidi ubomoe kibanda. Kwetu bado 2G inabeba watu wengi mno, inafika mbali, kimahesabu mnara mmoja wa GSM unaweza kumhudumia mtu aliye kilomita 35, na hela zetu zinaitegemea. Siamini kama kuna mtu mwenye akili timamu atauzima haraka. Na siku ikifika, vitochi vya vitufe vyenye 4G vimeshakuwepo madukani, vinakaa na chaji, vina tochi, mama atabadilisha kimoja kwa kingine na ile menyu ya nyota atakutana nayo humo. Kwa hiyo hilo lisikufanye uharakishe kutupa chochote leo.

Na wewe mwenyewe usijisahau. Kaa chini jioni moja, jaribu menyu ya nyota ya benki yako na ya mtandao wako, kama namba ya siri imekutoka nenda kairudishe wakati hakuna dharura. Andika namba tano za watu wako kwenye karatasi, moja iweke kwenye pochi yako na nyingine kwenye pochi ya mama. Luku nunua kabla haijafika uniti tano.

La mwisho ni dogo ila limeshaharibia watu wengi. Mkienda Kariakoo kununua hiyo tachi, pale mtaa wa Aggrey au popote mtakapopata, kijana wa dukani kwa nia nzuri kabisa atamwambia mama alete laini aikate iwe ndogo aiingize kwenye simu mpya aone inavyoshika mtandao. Kataeni. Laini ikishakatwa ikawa ile ndogo kabisa ukiirudisha kwenye kiswaswadu inacheza, inashika leo kesho haishiki, mpaka upate kifremu chake cha plastiki na chenyewe kinakwama humo ndani ukikitoa vibaya kinang'oa pini. Jaribuni simu kwa laini mpya mliyoisajili, ya mama isitoke kwenye kiswaswadu hata kwa dakika moja.